Kalolaine Moala Latu, Mwalimu wa Madaftari Arobaini na Moja (1957–2019)

Marehemu Mwalimu Kalolaine Moala Latu alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Juni 1957, kijijini Lotofoa, kisiwa cha Foa, katika visiwa vya Ha'apai. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Inoke Moala, mkulima wa viazi vikuu, na marehemu Mama Seini, msusi wa mikeka ya mkadi. Baada yake walizaliwa watatu. Wawili walifariki wakiwa wachanga, akabaki mdogo wake mmoja, Bwana Feleti Moala, aliyezaliwa mwaka 1965. Bwana Feleti yupo nasi leo. Yuko kule nyuma kwenye matanuri ya chakula, amejifunga mkeka mkubwa uliochakaa, kama inavyompasa ndugu wa kiume kwenye msiba wa dada yake. Kipaza sauti kinafika huko.

Wasifu huu umeandikwa na binti wa marehemu, Lesieli, naye ndiye anayeusoma. Ilikuwepo karatasi nyingine, iliyoletwa juzi kutoka mjini Nuku'alofa, imechapwa vizuri na ina picha ya rangi. Humo ilisemwa kwamba marehemu "alipenda watoto na alimsaidia mdogo wake katika kazi zake." Karatasi hizo zilikuwa mia mbili. Asubuhi ya leo zimetumika kuwashia moto wa matanuri, na akina baba wamesema zinashika vizuri.

Marehemu alianza shule ya msingi Lotofoa mwaka 1963. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mchungaji wa wakati ule alizoea kuwaambia wageni kwamba mnara wa kanisa una urefu wa futi sitini. Kalolaine alichomeka kijiti uani, akapima kivuli cha kijiti, akapima kivuli cha mnara, akakokotoa mchangani kwa kidole. Kisha, wageni wakiwa wamekaa mkekani wanakula, akasema kwa sauti, "Ni futi arobaini na tatu." Baba yake alimchapa mbele ya wageni hao hao, na mchungaji akaendelea na futi zake sitini. Mnara ule ulipobomolewa mwaka 1982, mafundi waliulaza chini wakaupima. Ulikuwa futi arobaini na tatu na nusu. Marehemu alipoambiwa, alisikitika kwa ile nusu aliyoikosa.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 alisoma sekondari ya wasichana Nuku'alofa, akaongoza darasa katika hesabu miaka yote sita. Mwaka 1976 aliingia chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1978. Mwezi huo huo ilimfikia barua ya nafasi ya kusoma fizikia katika chuo kikuu huko New Zealand. Aliipeleka nyumbani mwenyewe na kumsomea baba yake, kwa kuwa mzee hakujua kusoma.

"Utasomea nini huko?" mzee aliuliza.

"Fizikia, Baba. Kwa nini vitu vinaanguka, kwa nini vinaelea."

"Kitu kinaanguka kwa sababu umekiachia. Hilo linahitaji meli? Na Feleti atakaa na nani?"

"Ni miaka mitatu tu, Baba."

"Miaka mitatu mtoto wa kiume anaharibika. Kunja hiyo barua."

Aliikunja. Januari 1979 alianza kazi katika Shule ya Sekondari ya Lotokakala, kisiwa cha Lifuka, na mdogo wake akaja kuishi naye katika nyumba ya mwalimu. Feleti alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuweza sehemu wala desimali. Dada yake alimfundisha kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa shelisheli la kuchoma. Alilikata vipande vinane, akamwuliza maswali, na kila jibu sahihi lilikuwa na kipande chake. Siku moja aligeuka kuchota maji, na aliporudi vipande vilikuwa vitatu.

"Haya, umekula sehemu ngapi?"

"Tano ya nane, Dada."

"Na iliyobaki?"

"Iliyobaki ni yako, Dada. Ila njaa yangu bado nzima."

Marehemu aliisimulia hadithi hii maisha yake yote, na kila mara alicheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Feleti alifaulu, akaenda chuo kikuu Suva mwaka 1985. Dada yake alimsindikiza hadi gatini akiwa mjamzito, na mimba hiyo ikatoka wiki ile ile.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1981, na marehemu Sitiveni Latu, seremala wa Pangai. Walijaliwa mtoto mmoja tu aliyeishi, Lesieli, aliyezaliwa mwaka 1983. Bwana Sitiveni alikuwa mtu wa maneno machache, na inasemekana alimchumbia marehemu kwa kumtengenezea kipimapembe cha mbao chenye upana wa mita moja, kilichochongwa nyuzi zote mia moja na themanini, hata moja haikukosekana. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 20 Mei 2004.

Sasa ni kuhusu kazi. Watu wengi hapa walisoma kwake, na wanajua alivyoitwa. Aliitwa Mama Vifuu. Jina hilo hakulichagua, na mwanzoni halikuwa la heshima.

Mwaka 1988 kontena la vifaa vya maabara liliwasili Lotokakala kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na hadubini sita, mizani za chuma kumi na mbili, taa za gesi, na mirija ya kioo iliyofungwa kwenye pamba. Mkuu wa shule wa wakati ule, marehemu Saimone Havili, alivipanga kwenye stoo, akaweka kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye mkanda wa suruali. Wageni wakija, stoo ilifunguliwa, picha zikapigwa, stoo ikafungwa.

"Mkuu, niazime mizani mbili tu," marehemu alimwomba. "Narudisha kabla ya kengele."

"Mwalimu Kalolaine, hawa watoto wanapasua hata sahani za bati. Unataka nikaeleze nini kwa wafadhili?"

"Mtihani wa mwisho utatumia vifaa hivi hivi."

"Basi wataviona siku ya mtihani. Macho wanayo."

Waliviona siku ya mtihani, Jumanne, tarehe 14 Novemba 1989. Watahiniwa walikuwa thelathini na mmoja na hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa mrija wenye bomba la kufungulia. Msichana mmoja aitwaye Pelenaise, aliyekuwa wa kwanza darasani, alikaza bomba hilo kwa nguvu na mrija ukavunjika mkononi mwake. Mkuu wa shule alivua mkanda, ufunguo ukiwa bado unaning'inia, akampiga pale pale mbele ya wenzake, damu ya jeraha la kioo ikitiririka kwenye karatasi ya majibu. Kisha akamtoa nje. Wanne walifaulu. Pelenaise hakurudi shule tena.

Marehemu alikuwa amesimama dirishani siku ile. Aliona yote na hakusema neno. Alikuwa na mtoto wa miaka sita, nyumba ilikuwa ya shule, na mkuu alikuwa mkuu. Hili alimwambia Lesieli mwenyewe, na alitaka lisomwe. Alisema asitajwe kama mtu mwema huku siku hiyo ikiachwa.

Jumatatu iliyofuata alifungua daftari la kwanza.

Kuanzia mwaka 1989 hadi 2007 aliandika madaftari arobaini na moja. Alitengeneza mizani kwa vifuu viwili vya nazi, kijiti na mshipi wa kuvulia, na mawe yake ya kupimia yalikuwa sarafu za seniti. Chubwi, zile risasi za kuzamishia nyavu, alizining'iniza darini kwa kamba, watoto wakahesabu kila moja inayumba mara ngapi kwa dakika, na kwa nini kamba ndefu ni mvivu. Balbu iliyoungua aliitoboa, akaijaza maji, ikawa kioo cha kukuzia, na chawa wa kwanza kutazamwa Lotokakala kwa namna hiyo alitoka kichwani mwa mtoto wa mchungaji. Ua jekundu la uani alilichemsha, na watoto wakaona maji yake yanavyogeuka rangi yakikutana na ndimu au sabuni. Mumewe alimpigilia misumari kwenye mbao ishirini, na kwa mikanda ya mpira wa baiskeli watoto wakavuta pembetatu za kila aina. Maswali ya hesabu yalikuwa ya kwao: mashua kutoka Pangai hadi kisiwa cha 'Uiha, tui kwa majimbi, nguruwe wa harusi kwa idadi ya wageni.

Kila somo lilichukua kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto aliandika la kufanya. Ukurasa wa kulia aliandika lililoharibika: nani hakuelewa, alisema nini, na mwaka uliofuata lirekebishwe vipi. Marehemu aliuita ukurasa wa kulia "mwalimu wangu."

Walimu wenzake walimcheka. "Mwalimu, leo ni fizikia au ni mapishi?" walimwuliza alipopita na kikapu cha vifuu. Yeye alijibu, "Njoo na sahani yako uone." Mwaka 1995, katika mtihani ule ule uliomshinda Pelenaise, watahiniwa ishirini na wanane kati ya thelathini na watatu walifaulu. Stoo ilikuwa bado imefungwa. Kutu ilikuwa imeshamaliza mizani za chuma.

Mwezi Februari 2008 Bwana Feleti, ambaye alikuwa amekuwa ofisa wa mitaala katika ofisi moja mjini Nuku'alofa, alimpigia dada yake simu.

"Dada, yale madaftari yako bado unayo?"

"Yapo. Mende wamekula mawili pembeni."

"Niazime wiki mbili. Nataka niwaonyeshe watu hapa kwamba mambo haya yanawezekana."

Marehemu aliyapanga ndani ya bati la biskuti, akalifunga kwa kamba ya mkonge, akalipeleka mwenyewe kwenye meli. Lesieli alimwambia, "Mama, tunakili kwanza." Akajibiwa, "Unakili nini? Yanakwenda kwa Feleti." Wiki mbili zikawa miezi kumi na minne. Bati lilirudi Aprili 2009, madaftari yote yakiwemo, bila barua ndani.

Mwaka 2011 kilitoka kitabu. Kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili, jalada la bluu, na kiliitwa *Sayansi na Hesabu za Visiwani*. Jina la mwandishi lilikuwa Feleti Moala. Kiligawiwa kwa kila shule ya sekondari ufalme mzima. Ndani yake mlikuwa na mizani ya vifuu, chubwi, balbu, ua jekundu, mbao za misumari, mashua ya 'Uiha na nguruwe wa harusi. Kurasa za kulia zote zilikuwa zimetupwa. Majina ya watu wa Lotokakala yalikuwa yamebadilishwa, isipokuwa katika swali la kumi na saba, ukurasa wa 88, ambapo mwandishi alisahau: "Sitiveni ana ubao wa mita tatu na mke asiyemwachia akapumzika." Marehemu alilisoma swali hilo akiwa amesimama kwenye ofisi ya walimu. Mumewe alikuwa na miaka saba kaburini.

Alhamisi, tarehe 15 Machi 2012, walimu wote wa sayansi na hesabu wa Ha'apai waliitwa kwenye ukumbi wa kanisa Pangai wafundishwe kukitumia kitabu hicho. Marehemu alikuwa mmoja wa walimu ishirini na sita walioamriwa kuhudhuria. Mkufunzi alikuwa kijana kutoka mjini, jina lake Maikolo, mwenye adabu na shati jeupe. Alining'iniza vifuu viwili kwenye kijiti kama picha ilivyoonyesha. Mizani ikainama upande mmoja. Akaishika, akaiachia, ikainama tena.

"Weka nta kidogo kwenye kile chepesi, mwanangu," marehemu alisema kutoka nyuma. "Vifuu haviwi sawa kamwe. Unavisawazisha kwanza."

"Asante, mama, lakini kitabuni hakuna nta."

"Ilikuwepo. Ipo ukurasa wa kulia."

Maikolo alifunua kwa heshima. "Ukurasa wa kulia kuna picha ya mwandishi, mama."

Ukumbi ulicheka. Marehemu alisimama. "Hicho kitabu nimekiandika mimi," alisema.

Kisha mwalimu mwenzake, Sunia, aliyekuwa amefundisha naye chumba cha pili kwa miaka kumi na tisa na kumwona kila siku akiandika, akapaza sauti: "Jamani, mpeni kiti! Kesho atatuambia na Biblia kaiandika Mama Vifuu!"

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Marehemu aliketi. Alitengeneza mizani yake bila nta, kama alivyoagizwa, nayo ikainama kama za wengine. Saa kumi jioni alipewa cheti cha kuhudhuria. Jina lililoandikwa lilikuwa "Karoline Lato."

Mwalimu Sunia yupo hapa pia, safu ya tatu. Ameleta mkeka mzuri. Familia inamshukuru kwa mkeka.

Desemba mwaka huo marehemu alisafiri hadi Nuku'alofa, akafika nyumbani kwa mdogo wake. Watu wa kwetu wanajua dada akiingia kwa ndugu yake wa kiume anapewa nini na anaketishwa wapi. Yote alifanyiwa. Alitandikiwa mkeka mpya, akaletewa nguruwe mzima, wifi yake akamhudumia kwa magoti. Ukutani palikuwa na tuzo ya kioo yenye jina la kitabu. Alikaa siku tatu akingoja mdogo wake aseme jambo. Siku ya nne, akiwa ameshavaa vya safari, aliuliza mwenyewe.

"Feleti, yale madaftari."

"Dada, daftari ni daftari na kitabu ni kitabu." Bwana Feleti alisema haya akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. "Wewe ulipika nyumbani. Mimi nimefungua hoteli. Chakula ni kile kile, lakini nani angekula?"

"Jina langu lingekaa pembeni tu. Hata kwa maandishi madogo."

"Wangesema nimebebwa na dada yangu."

"Ulibebwa, Feleti. Kwa mgongo huu."

Bwana Feleti aliinuka. Alimbebea mzigo hadi kwenye meli na kumtafutia mahali pazuri pa kukaa, penye kivuli.

Lesieli, kwa haki ya mtoto wa dada, alitaka kwenda kwa mjomba wake akachukue chochote, na mjomba asingeweza kufungua mdomo. "Mama, niruhusu. Nachukua jokofu, nachukua gari, nang'oa na mlango."

"Utang'oa mlango," marehemu alimjibu. "Jina utaling'oa kwa kitu gani?"

Mwaka 2013 mkaguzi alifika darasani kwake, akakuta anafundisha kwa nta. Barua ya onyo, ya tarehe 6 Agosti, ilisema mwalimu "anatumia njia zisizomo katika kitabu kilichoidhinishwa." Desemba mwaka huo aliombwa astaafu mapema, baada ya miaka thelathini na mitano. Zawadi ya kumuaga ilikuwa nakala ya kitabu. Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi, tarehe 11 Januari 2014, kimbunga kilipita Ha'apai. Nyumba yake ilibaki sakafu. Bati la biskuti lilipatikana shambani kwa jirani, limekunjamana na tupu. Karatasi zilionekana siku nyingi baadaye, zimenasa kwenye mikadi, zote zimeoshwa wino. Lesieli alitaka kuziokota. Mama yake alimwambia aache, mbuzi watakula.

Tangu mwaka 2010 marehemu alikuwa akiugua kisukari. Mwaka 2015 alikatwa mguu wa kushoto, na mwaka 2017 macho yote mawili yalizima. Alihamia kwa binti yake, ambaye naye ni mwalimu wa hesabu Lotokakala na hufundisha, mpaka leo, kwa kitabu cha jalada la bluu, maana hakuna kingine. Jioni marehemu alimwomba amsomee somo la kesho. Lesieli alisoma kitabuni yaliyokuwa ya ukurasa wa kushoto, na mama yake, akiwa amelala chali, alitamka ya ukurasa wa kulia kutoka kichwani. Miaka miwili walifanya hivyo. Lesieli ameandika aliyoweza. Ni masomo sitini na matatu kati ya mia nne na kumi.

Mwezi Julai mwaka huu figo zilishindwa, akapelekwa hospitali Nuku'alofa. Alhamisi, tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi, Bwana Feleti alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, hakusogea kitandani, kwa heshima.

"Dada, toleo jipya limetoka," alisema. "Nimeweka jina lako. Juu, kabla ya langu."

Marehemu alinyoosha mikono. Lesieli alikipokea kitabu kutoka kwa mjomba wake akampa mama yake, naye akakipapasa jalada kwa vidole vyote kumi, taratibu, kama anayetafuta mshono.

"Nisomee, Lesieli."

Lesieli alitazama. Jalada lilikuwa na jina moja. Alinyanyua macho akamtazama mjomba wake, na mjomba wake akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mtu huyo hakuinamisha kichwa.

"Husikii, mwanangu? Soma," mama yake alisema.

"Kalolaine Moala Latu," Lesieli alisoma, "na Feleti Moala."

Marehemu alilia. Machozi yalitoka kwenye macho yale yasiyoona kitu, yakaingia masikioni. Kisha akasema, "Kaa chini, mwanangu. Mshukuru mjomba wako."

Lesieli, ambaye kwa desturi zetu hana haja ya kumshukuru mjomba wake kwa kitu chochote, alikaa sakafuni.

"Asante, Mjomba."

"Si kitu, mwanangu," alijibu Bwana Feleti. "Sisi ni familia."

Siku mbili zilizofuata marehemu alimwomba kila aliyeingia amsomee jalada. Lesieli alisimama mbele ya kila mmoja na kumsihi kwa mikono asome majina mawili. Wauguzi wanne walisoma majina mawili. Daktari alisoma majina mawili. Mchungaji wetu, aliyetuongoza katika sala sasa hivi, alikishika kitabu, akasita, akasoma majina mawili. Kila mara marehemu alisema, "Rudia," nao wakarudia. Alikula uji wote. Aliomba achanwe nywele.

Jumamosi adhuhuri Lesieli alitoka kwenda kufua. Kitanda cha jirani kilikuwa na bibi mmoja mgeni wa kutoka visiwa vya kaskazini, aliyeletwa asubuhi ile na hakuwa ameambiwa jambo lolote. Lesieli aliporudi, bibi huyo alimwita.

"Mama yako mpole sana. Nimemsomea kitabu chake. Huyo Feleti Moala ni nani wenu?"

Lesieli aliweka beseni chini. Mama yake alikuwa amelala ameelekea ukutani. Kitabu kilikuwa mezani. Saa kumi na moja jioni, wakati wa kumlisha, Lesieli alimwinua kwenye mito, akamwuliza, kwa sauti ile ile ya siku zote, kama amsomee jalada.

"Pumzika, mwanangu," marehemu alisema. "Umesoma vya kutosha."

Uji hakuumaliza. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Agosti 2019, saa mbili asubuhi, kengele za ibada zikigonga, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Marehemu ameacha binti mmoja, Lesieli. Mkwe mmoja, Bwana Viliami Taufa. Wajukuu watatu, Seini, Sitiveni na Meliame. Wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu. Na mdogo wake mmoja, Bwana Feleti Moala, mwandishi.

Shukrani ambazo Lesieli alimpa mjomba wake tarehe 8 Agosti, akiwa amekaa sakafuni, alimpa kwa sababu mama yake alimwagiza. Mama yake sasa hawezi kusikia. Mbele ya mwili wake, na mbele ya kanisa, Lesieli anazichukua tena zote. Mjomba, hii ndiyo haki ya mtoto wa dada, na hakuna kingine nitakachokuja kuchukua kwako.

Lala, Mama. Mungu akupe usingizi ambao ndani yake hutahitaji mtu wa kukusomea.